Bibi Alipopakata Deli

Juma lililopita nilikuwa nimekaa barazani namkata kucha mwanangu mdogo, na nilipomaliza nikajikuta nazikusanya zote kiganjani, hata ile iliyorukia chini ya kiti. Nikazifunga kwenye kipande cha karatasi, nikatoka uani, nikachimba kwa kijiko, nikazifukia. Mume wangu, ambaye ni mtu wa mjini tangu babu yake, alikuwa akinitazama kupitia dirishani. Akaniuliza, "Unapanda nini?" Nikamwambia sipandi kitu. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na watoto wa watu nawafundisha kila siku kwamba kucha ni kucha tu. Lakini mikono ina mazoea yake, na yangu ilifundishwa na Bi Time.

Bi Time alikuwa mama yake baba. Tulikaa naye Pemba, upande wa Micheweni, kule ardhi ni mawe matupu, ukipiga jembe linarudi na cheche. Kufukia kitu kwetu ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Hata hivyo nywele zilizokatika wakati wa kusukwa, kucha, jino lililong'oka, kitambaa kilichofuta damu, vyote Bibi alivipeleka mwenyewe nyuma ya jiko, akavifukia pahala alipopajua yeye peke yake. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtu, alisema, bado ni mtu. Akikishika mbaya wako, kakushika wewe. Wala hakuwa mwanamke wa kutishika ovyo. Namkumbuka akimfukuza nyoka jikoni kwa upawa, mkono wa pili unakoroga mchuzi usiungue. Lakini kwa jambo hilo la kufukia hakuwa na mzaha hata kidogo.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi miaka ile ya vyama vingi ilivyotugawa. Sitaki kuvitaja vyama, kwani hata leo kuna watu nikivitaja hawatamaliza kusoma. Nitasema tu kwamba kulikuwa na sisi, na kulikuwa na wale. Wale walikuwa na duka lao, na sisi hatukuliingia hata kama chumvi imekwisha na chungu kiko jikoni. Sisi tulikuwa na kisima chetu. Akifa mtu wa wale, wanaume wetu walikaa barazani wakalitazama jeneza likipita, na wale nao walitufanyia vivyo hivyo. Mimi nilidhani chama ni kitu mtu anazaliwa nacho, kama sikio. Nikikutana na watoto wa wale njiani nilikuwa nikiwatazama juu hadi chini nione wanatofautiana nasi wapi. Sikuona kitu, nikaamini kwamba kimefunikwa na nguo.

Kwa hiyo walipokuja watu wa matone ya polio, nyumba kwa nyumba, na gari ya serikali imetangulia na spika juu, Bibi alinificha. Zilikuwa zimeenea habari kwamba matone yale yametiwa kitu cha kukata uzazi, ili watu wa upande wetu wapungue na siku ya kura tusitoshe. Baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi upande wa Tanga, miezi mizima haonekani. Mama alikuwa pwani kwenye mwani wake. Bibi akanisukuma uvunguni, nyuma ya gunia la mwani mkavu, akaenda kusimama mlangoni na kusema hamna mtoto ndani. Mimi huko uvunguni nimebana pua kwa ile harufu ya chumvi na uvundo, najiona nimeshinda. Mama aliporudi jioni na kusikia, alikwenda kuwasha moto wa chakula. Alikuwa mkwe katika nyumba ya mkwewe, na Bi Time alikuwa ndiye Bi Time.

Msimu uliofuata nikaugua homa. Ilikuja ikaenda, na tulipodhani imekwisha, asubuhi moja niliteremsha miguu kitandani, nikasimama, na mguu wa kulia haukuwapo. Ulikuwapo, naam, nauona, lakini haukusimama nami. Nikaanguka kama kanga iliyoponyoka kambani. Bibi akacheka, alidhani nafanya vituko. Kisha akaja akauinua ule mguu kwa mkono wake, akauachia, ukadondoka. Akauinua tena, akauachia tena. Sijausahau uso wake.

Kwa sauti alisema nimekanyaga pabaya, kwenye lile pango tulilokuwa tukikatazwa kuchezea. Nikanyweshwa kombe, ile aya ya zafarani iliyooshwa kwenye sahani, nikasuguliwa kwa mafuta ya habbasoda mpaka chumba kizima kikanuka. Sikupinga, nilipenda kusuguliwa. Ila siku moja nilimsikia Mama, aliyekuwa ameshika taa tu pembeni, akisema chinichini, "Mama, yale matone."

Bibi aliendelea kusugua, na alisugua kwa nguvu mpaka nikalia. Mimi nilidhani kakasirishwa na Mama. Ilinichukua umri wangu wote huu kuelewa kwamba alikuwa anaogopa, na kwamba alichokuwa akikiogopa ni ule uvungu wa kitanda.

Aliyepeleka habari kituo cha afya alikuwa Maalim wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani. Aliona mkeka wangu mtupu, akauliza, watoto wakamwambia mguu wa Mize umelegea. Maalim alikuwa mtu wa upande wetu, tena wa mstari wa mbele, lakini watu wa afya walikuwa wameshamwomba, kama walivyowaomba waalimu wa skuli na wakunga na hata waganga, kwamba wakisikia mtoto yeyote amelegea mkono au mguu ghafla, wasingoje wala wasichunguze sababu, wapeleke habari kituoni siku hiyo hiyo. Akapeleka. Watu wetu walimlaumu sana kwa hilo.

Basi akaja Bwana Shaame kwa baiskeli. Alikuwa Mpemba mwenzetu, kijiji cha jirani, mfupi, kofia imepauka kwa jua, sauti yake ya chini hata ukimfanyia ufedhuli haipandi. Lakini alikuwa mfanyakazi wa serikali na alikuwa mtu wa wale. Akapiga hodi, akatoa salamu. Bibi akaitikia salamu kwa kuwa dini inamlazimu. Karibu hakuitoa. Bwana Shaame akabaki amesimama juani katikati ya ua, na hata maji hakuna aliyemletea. Kwetu mgeni kutopewa maji lilikuwa jambo zito kuliko tusi, na yeye alilijua, na akafanya kama hakuliona.

Mama akanibeba akanitoa nje. Bwana Shaame akachuchumaa, akachukua ufunguo wa baiskeli akaupitisha unyayoni. Mguu wa kushoto ukaruka, nikacheka. Wa kulia nikausikia ufunguo unapita, lakini mguu wenyewe ukalala tu. Akagonga goti, akauliza homa ilianza lini, mguu ulilegea lini, nimewahi kupata matone. Kwa hilo la mwisho Mama alitazama chini. Bibi ndiye aliyejibu.

"Hakupata. Nilimficha mie."

Bwana Shaame hakumlaumu. Akasema, "Basi nataka haja yake kubwa, Bi Time. Ya leo, na ya kesho tena. Tutaiweka kwenye barafu, ipelekwe ng'ambo kwa watu wa vipimo, watutazamie kama ni polio au siyo."

"Unataka nini?"

"Haja yake kubwa."

"Ya ntoto wangu."

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Uwapelekee watu nisiowajua, nchi nisiyoijua."

"Ndiyo."

Bibi akacheka kicheko kikavu. "Unywele wake mmoja haujatoka nje ya ua huu tangu azaliwe. Halafu nikupe weye hiyo, uizungushe dunia nzima?"

Mimi nilikuwa mapajani kwa Mama, nimetega masikio. Niseme kweli, sikuogopa. Moyo ulinidunda kwa furaha, maana sijawahi kuwa na kitu ambacho watu wazima wanakigombania.

"Nikueleze, Bi Time," akasema Bwana Shaame. "Kama ni polio, haiko kwake peke yake. Itakuwa inatembea humu kijijini, kwa watoto wanaocheza na hawaumwi kitu. Huyu ndiye aliyeonesha tu. Tusipojua leo, tutakuja kujua akilegea mwengine, na mwengine."

Ua ulikuwa umejaa watoto, wetu na wa majirani, wamekuja kutazama. Bibi akawatazama mmoja mmoja. Akauliza, na sauti yake sasa imebadilika, "Utaniapia? Kwa Mwenyezi Mungu, kwamba hakuna mkono mbaya utakaoigusa, na kwamba kitakachobaki hakitatupwa ovyo?"

Hapo Bwana Shaame angeweza kumaliza kazi yake kwa neno moja. Wallahi tu, angepanda baiskeli yake akaenda zake. Akavua kofia, akaishika mikononi.

"Siwezi kukuapia, Bi Time. Kutoka hapa hadi uwanja wa ndege wa Chake Chake, mkono ni wangu, na huo nakuapia. Baada ya hapo sijafika. Sijui wanakifanya nini kinachobaki. Siapi kwa nisichokiona."

Bibi akageuka kwenda zake ndani. Nikaona imekwisha. Ndipo Mama yangu, ambaye miaka yote niliyomjua katika nyumba ile sikuwahi kumsikia akimpinga mkwewe kwa lolote, akasema, "Mama, ntu wa kudanganya angeapa."

Bibi akasimama mlangoni, mgongo kwetu. Kuku walipita miguuni pake wakaingia ndani na hakuwafukuza, jambo ambalo sijapata kuliona kabla wala baada. Kisha akasema, bila kugeuka, "Basi hadi anapopajua yeye, na mie nitakuwepo."

Kazi sasa ikabaki kwangu. Jamani, hakuna kitu kigumu kama kuombwa jambo hilo na kijiji kizima kinangoja. Nililishwa mapapai mpaka nikayachukia. Mama ananibembeleza, Bibi anasoma dua, Bwana Shaame kaketi juu ya jiwe nje ya ua akijifanya anaangalia gurudumu. Nilipofanikiwa, watoto walishangilia kama mpira umeingia wavuni katika uwanja wa Gombani. Ikatiwa kwenye kikopo kidogo cha kifuniko, kikopo kikatiwa ndani ya deli, lile sanduku la kuhifadhia baridi, deli la buluu lenye mfuniko mweupe, na barafu zake za plastiki zinazogongana. Bwana Shaame alitaka kurudi nalo kituoni kulilaza. Bibi akamwambia alete barafu nyingine asubuhi, deli linalala hapa. Likalala chumbani kwake, kichwani pa kitanda, na Bibi kalala ameweka mkono juu yake.

Nyumbani kwetu hapakuwa na aliyewahi kupanda ndege. Baba alizijua bahari zote hizi lakini ndege hakuijua. Kwa hiyo nilipotolewa barazani, nikawaambia watoto wenzangu kwa kiburi ambacho mpaka leo kinanichekesha, kwamba changu kinapanda ndege kesho. Mmoja akasema na yeye anaugua. Akaanza kuchechemea pale pale, akapigwa kofi na dada yake.

Kesho yake cha pili nacho kikapatikana, na gari ikaja kutuchukua, kwani Bwana Shaame alitaka na daktari wa Chake anione. Gari ya serikali ikiingia kijijini miaka ile, wanaume walitokea mlango wa nyuma, maana haikuwa na kawaida ya kuleta heri. Njia nzima ikawa tupu, macho tu kwenye nyufa za milango. Bibi akatoka na buibui lake la kwendea harusini, akapanda gari ile mchana kweupe, mbele ya macho yote hayo, akaketi, akasema, "Nipeni."

Jirani yetu mmoja hakuweza kujizuia. Akauliza kwa nyuma ya mlango, "Bi Time, leo umepanda gari ya wale?"

"Nimepanda na changu," akajibu Bibi, na akalivuta deli mapajani.

Hakulitua njia nzima. Barabara ile ilikuwa mashimo matupu wakati huo, na kila tukirushwa, Bibi alikuwa akirushwa nalo na kutua nalo. Bwana Shaame kaketi mbele, akamwambia aliweke chini apumzike. "Mapaja yangu yanatosha," akasema. Baridi ya deli ilipenya buibui, nguo ikamlowa, na mimi nilipoulaza mguu wangu uliolegea karibu yake, nikasikia ubaridi ule kwenye ngozi. Nakumbuka hivyo vitu viwili kuliko vyote: ubaridi wa deli, na harufu ya udi kwenye buibui la Bibi. Watu wakisikia kisa hiki huniambia mbona hakina harufu nyengine. Haikuwapo. Mfuniko ulibana.

Daktari aliniona, akanigonga magoti, akasema nirudishwe baada ya muda. Kisha tukaenda uwanja wa ndege. Ilikuwa ndege ndogo, ya pangaboi mbele, imesimama juani. Kijana wa uwanjani, amevaa shati la kazi, akaja kunyoosha mikono apokee deli. Bibi hakuliachia.

"Mama yako anaitwa nani?"

Yule kijana akamtazama Bwana Shaame. Bwana Shaame akatazama mawinguni.

"Mwanaidi," akasema kijana.

"Basi sikiliza, mwana wa Mwanaidi. Humu yumo ntoto wangu. Mkono wa huyu bwana umeishia hapa, sasa ni mkono wako. Na weye ukishamkabidhi mwenzio huko iendako, mwambie kama ninavyokwambia mie. Usilitupe, usilipigishe jua, usilisahau. Jina la mama yako nimelishika."

Kwa Wapemba sina haja ya kueleza maana ya mtu kushika jina la mama yako; wengine wajue tu kwamba kwetu mtu huombewa, au huapizwa, kwa jina la mama yake. Yule kijana alilichukua deli kwa mikono miwili, kama anapokea mayai, akatembea nalo taratibu hadi kwenye ndege, na hakuliweka nyuma na mizigo. Tulimuona akilifunga kwa mkanda kwenye kiti.

Sasa mimi nilikuwa nimeyasikia maneno yale, humu yumo ntoto wangu, na tangu nizaliwe nilikuwa nimefundishwa kwamba kilichotoka kwako ni wewe. Nikaamini kwa dhati kabisa kwamba ninayepaa ni mimi. Ndege ilipokimbia na kunyanyuka, nilifumba macho begani kwa Mama, nikangoja kusikia tumbo linaelea, na nikalisikia. Nikaona mikarafuu kwa juu. Nikafanya hesabu yangu ya kitoto: mguu wangu haupo kwa kuwa umesafiri, na utarudi kwa ndege hiyo hiyo. Sikumwambia mtu. Tuliporudi nyumbani, kila nikisikia mvumo angani, hata wa mbali, nilikuwa nikikitazama kidole gumba cha mguu wa kulia na kukiamuru kitingishike.

Na siku moja kikatingishika. Ndege ilikuwa imepita, naapa, mimi hilo naweza kuapa kwani niliiona. Nilipiga ukelele Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akakitazama kile kidole kikienda na kurudi, akaketi chini pale pale kwenye vumbi. Baada ya kidole ukaja unyayo, baada ya unyayo goti. Nikawa natembea kwa kushika kuta, kisha kwa kushika bega la Mama.

Nilikuwa bado nashika kuta Bwana Shaame alipokuja na jibu. Akasimama pale pale pake, katikati ya ua. Bibi alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Si polio, Bi Time. Ni maradhi mengine ya mishipa, na daktari anasema huyu anapona."

Bibi akaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa hakina kitu, akawa anakuna kifuu. Kisha akainua upindo wa kanga akajifuta uso, na halikuwa jasho. Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu ule mguu udondoke, alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, akiomba kosa lake la uvunguni lisiwe limetua kwangu. Alipomaliza kujifuta, akauliza, "Na kilichobaki?"

"Hilo bado sijalijua."

"Basi hatujamaliza."

Akaondoka bila maji. Lakini walipopita tena watu wa matone, Bi Time alinishika mkono, mimi na wajukuu wengine wote, akatusimamisha mlangoni midomo wazi kabla gari haijafika. Majirani wakaanza kusema kahamia kwa wale. "Kura yangu mnaijua," akawajibu. "Huyu namtoa kwa ajili ya miguu yake." Na aliposikia kuna mtoto wa wale amelegea mkono na wazee wake wanamficha, alijitanda kanga akaenda, katika nyumba ambayo hakuwa amekanyaga tangu kura ile iliyotugombanisha. Mama alimfuata kwa wasiwasi. Alisema Bibi aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto, akawaambia, "Msiogope. Mie deli hilo nimelipakata." Habari ikafika kituoni siku hiyo hiyo. Ninapoandika haya kifua kinanijaa, na sioni haya kusema. Watu wakieleza jinsi maradhi yale yalivyofukuzwa katika nchi yetu, hutaja chanjo na wataalamu, na ni kweli, nami darasani hufundisha hivyo. Lakini moyoni mwangu namuona bibi kizee mwenye buibui lililolowa mapajani.

Kisha mambo yakapoa, nikarudi chuoni, nikasahau. Nilidhani na wengine wote wamesahau. Mpaka mchana mmoja ikasikika hodi, na alipoingia uani Bwana Shaame tulikuwa tumeshakula, mimi naosha vyombo. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa na begi la safari, viatu vya ngozi vimejaa vumbi la njia yetu, na suti iliyokuwa kubwa kwake. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege. Walikuwa wamempeleka masomoni ng'ambo, na kwake hajafika bado.

"Asalaamu alaykum, Bi Time. Nimekwenda."

"Umekwenda wapi?"

"Kule. Kwa watu wa vipimo. Nikawauliza kilichobaki wanakifanyaje, nikawaambia naulizia ntu. Wakanipeleka nyuma ya jengo. Kuna tanuri la moto. Kinachobaki chote kinachomwa, mpaka majivu."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao chake cha jikoni. "Ulikuwepo kikichomwa?"

"Nilikuwepo."

"Waapa?"

"Wallahi, Bi Time. Kwa macho yangu haya."

Bibi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akamtazama Bwana Shaame alivyosimama pale juani na begi lake, pahala alipokuwa akisimama siku zote. Kisha akasema, "Karibu."

Yule bwana hakusogea. Nadhani alidhani amesikia vibaya.

"Karibu barazani, mwanangu, jua kali. Mize, ntandikie mgeni mkeka. Maji kwanza. Halafu chakula kimo sufuriani, mpakulie."

Mama alishaanza kukimbilia sahani, Bibi akamzuia kwa mkono. "Apeleke Mize."

Nikapeleka maji. Nikarudi jikoni, Mama akapakua wali na mchuzi wa pweza, akaniwekea sinia kichwani. Nikatoka nalo, nikavuka ua, kutoka mlango wa jiko hadi barazani, mwendo mrefu kwa mtoto, mchuzi umejaa bakuli na haumwagiki. Bwana Shaame alikuwa ameketi kwenye mkeka wetu, amevua kofia. Wala hakulitazama sinia. Alikuwa ameinama anatazama miguu yangu, wa kulia, wa kushoto, wa kulia.

Nikatua sinia mbele yake, nikamkaribisha kama nilivyofundishwa.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Hebu nenda tena mpaka kule jikoni, urudi nikuone."

"Chakula kitapoa, Shaame," akasema Bibi kutoka jikoni.

"Kiache kipoe, Bi Time."

Nikaenda mpaka jikoni, nikarudi.